Bwawa Dogo, Mpira Mmoja

Uchafu wa bwawa dogo hauonekani mpaka maji yatulie. Watoto wakiwa ndani, wanarushiana maji na kupiga kelele, kila kitu kinaelea na kila kitu kina rangi moja. Kesho yake alfajiri ndipo sakafu ya buluu inapotoa siri zake: mchanga uliojipanga kwenye mikunjo ya plastiki, vijani vya mwarobaini, utando wa kijani pale ambapo brashi haikufika wiki iliyopita, kizibo cha soda, na hereni ya mtu.

Nazungumzia mabwawa yale yanayosimama juu ya ardhi, yanayonunuliwa yakiwa yamekunjwa kwenye boksi. Mengine yana ukingo wa kujazwa upepo, mengine yana fremu ya vyuma vyepesi. Bwawa la mviringo lenye kipenyo cha mita 3 na ukuta wa sentimita 76 linabeba karibu lita 4,000, na maji yake yanafika nusu mita na ushee. Dar es Salaam utayakuta kwenye nyua za Mbezi na Kigamboni, kwenye shule za chekechea, na kwenye bustani zinazokodishwa kwa sherehe za watoto. Mara nyingi huuzwa pamoja na kipampu kidogo chenye chujio la karatasi, ambacho kinazungusha maji na kukamata vile vinavyoelea. Vilivyokwisha kuzama havikihusu. Bwawa la hoteli lina tundu la kufyonzea lililojengewa ukutani na pampu ya kulitumikia; bwawa la boksi halina tundu wala pampu ya nguvu hiyo, na mwenye nyumba aliyelinunua kwa kujibana hana nia ya kununua mashine iliyo ghali kuliko bwawa lenyewe.

Basi anaitwa fundi. Ninayemsimulia hapa ni fundi bomba wa Mbezi ambaye siku za Jumamosi hutunza mabwawa ya namna hii, yeye na mpwa wake. Vifaa vyao vinaingia kwenye ndoo moja, ukiacha mpini wa mwanzi na mpira wa kufyonzea uchafu. Nimemtazama akifanya kazi mara kadhaa, mwanzoni kwa sababu sikuwa na la kufanya, baadaye kwa sababu nilianza kuona ni kazi ya akili nyingi inayofanyika kwa kelele kidogo sana.

Tuanze na kichwa cha kufyonzea, maana hapo ndipo unapomjua fundi na anayebahatisha. Amekitengeneza mwenyewe kwa mabaki ya bomba la PVC la inchi 1: kiungo kimoja cha njia tatu, yaani tii, mikono miwili ya sentimita 10, na vizibo viwili vya kufunga ncha. Upande wa chini amechana mfereji mwembamba kwa msumeno wa chuma, kutoka ncha moja hadi nyingine. Nilimwuliza kwa nini asiupanue ili uchafu upite kwa raha. Akaokota kipande cha mkaa akanichorea sakafuni. Tundu la bomba la inchi 1 lina eneo la sentimita 5 za mraba hivi. Mfereji una urefu wa sentimita 20. Ukiupa upana wa milimita 2 na nusu, nao unatoa sentimita 5 za mraba. "Mdomo ukizidi koo," akasema, "maji yanaingia kivivu, mchanga haunyanyuki. Ukiubana mno, jani la kwanza tu linaziba." Halafu akanigeuzia kichwa nione jambo ambalo nisingeligundua mwenyewe: karibu na tii, ambapo mvuto ni mkali, mfereji ni mwembamba zaidi, na kuelekea kwenye ncha, ambapo mvuto umepungua, ameupanua kidogo. Kwa hiyo kichwa kizima kinafyonza kwa nguvu inayokaribiana. Hakujifunza hilo darasani. Alikitengeneza cha kwanza, akaona katikati panasafika na pembeni panabaki, akatengeneza cha pili.

Makali yote ya msumeno yamepigwa msasa mpaka ukipitisha kidole hakikwami. Plastiki ya mabwawa haya haisamehe. Mkwaruzo mmoja wa PVC iliyokatwa vibaya ni tundu, na tundu la chini ya maji ni kazi ya siku mbili. Kwa sababu hiyohiyo kichwa hakigusi sakafu moja kwa moja. Pande zote mbili za mfereji amegandisha vipande vya ndala ya zamani, vinavyokiinua milimita chache, kiasi cha kuacha maji yapite chini yake yakiburuta mchanga. Kichwa kimefungwa kwenye mwanzi kwa kamba za tyubu ya baiskeli. Kamba hizo zinakaza lakini zinatoa nafasi, hivyo kichwa kinajipinda chenyewe kufuata sakafu hata mwanzi ukiwa umelala.

Mpira nao una hesabu yake. Watu wengi huchukua mpira wa bustani wa nusu inchi kwa kuwa ndio upo, kisha wanalalamika kwamba njia hii haifai. Mpira wa nusu inchi wenye urefu wa mita 6, ukishusha maji kutoka bwawa la kimo hiki hadi ardhini, unapitisha lita 6 au 7 kwa dakika. Wa inchi 1, kwa urefu na mteremko uleule, unapitisha lita 30 na zaidi. Kipenyo kimezidi mara mbili, maji yamezidi karibu mara tano, kwa sababu mpira mwembamba unayasugua maji pande zote na kuyachosha kabla hayajafika. Mchanga hauangalii muda wote uliotumia, unaangalia kasi ya maji yanayopita juu yake. Yakiwa ya polepole utabaki pale ulipo hata ukifyonza mpaka bwawa likauke. Anayeambiwa ajipinde anunue kitu kimoja tu, na anunue mpira mnene.

Hata hivyo kazi yenyewe inaanza jana yake jioni, na hili ndilo ambalo wateja hawalioni na hawalilipii.

Jioni hiyo anazima pampu. Anasugua kuta kwa brashi laini kutoka juu kwenda chini, asije akaziosha kuta baada ya sakafu kuwa safi. Kama maji yana ukungu wa vumbi, anaweka shabu, ile ile wanayotumia vinyozi baada ya kunyoa na ambayo watu wa visima na mito wameitumia miaka mingi kutuliza maji ya kunywa. Chembe za vumbi laini ni nyepesi mno kuzama zenyewe, na kila moja ina chaji hasi inayoisukuma jirani yake, kwa hiyo zinaweza kuelea usiku kucha bila kukutana. Alumini iliyo ndani ya shabu ina chaji chanya. Inaziondolea chembe ule uadui, zinashikamana, zinakuwa mabonge mepesi yanayoonekana kwa macho, na mabonge yanazama. Kwa bwawa la lita 4,000 yeye hutumia gramu 100, yaani miligramu 25 kwa kila lita, akiyeyusha kwanza kwenye ndoo ya maji kisha akimwaga kuzunguka ukingo. Baada ya hapo hakuna anayeingia bwawani mpaka kazi iishe kesho yake, na pampu haiwashwi, maana mabonge yale yangeziba chujio la karatasi mara moja. Kesho yake anapima pia ukali wa maji kwa kile kikaratasi cha kubadilika rangi, kwa kuwa shabu huyavuta maji upande wa asidi.

Mteja mmoja, mama wa makamo anayependa vitu vya asili, alimwuliza kwa nini asitumie mbegu za mlonge, zinazosifika kwa kazi hiyohiyo. Swali zuri, na mlonge kweli unatuliza maji. "Ni kweli mama, kwenye mtungi unafaa," alimjibu. "Humu ndani utabaki unga wa mbegu, na unga ni chakula. Klorini yote itaishia kupigana nao." Hakuongeza neno. Nilipenda kwamba hakuidharau mbegu wala hakumdharau mama. Alijua tu ni maji ya namna gani yaliyo mbele yake.

Halafu, wakati shabu ikiwa bado inachanganyika, anafanya jambo ambalo mara ya kwanza nilidhani ni mchezo. Anachukua brashi, anaizamisha karibu na ukuta, na anaanza kulizunguka bwawa kwa hatua za kawaida, akiyasukuma maji mbele yake. Mzunguko wa kwanza hakuna kinachotokea. Kufikia wa tano au wa sita, maji yote lita 4,000 yanazunguka kwa utaratibu, majani yaliyo juu yanaogelea duara, na yeye anaitoa brashi pole pole na kwenda nyumbani.

Asubuhi uchafu uko katikati. Wote haupo, lakini sehemu kubwa imejikusanya kwenye rundo moja lenye upana wa sinia.

Kila mnywaji wa chai ya majani ameliona jambo hili. Koroga chai yako, toa kijiko, tazama: majani yanakusanyika katikati ya kitako cha kikombe, ingawa akili inakuambia kitu kinachozungushwa hutupwa pembeni. Albert Einstein aliandika makala kuhusu majani hayo mwaka 1926, akiwa na nia ya kueleza kwa nini mito hupinda na kula kingo zake, kama unavyofanya Rufiji ukikaribia bahari. Maji yanayozunguka hujisukuma kuelekea ukutani, na hapo pembeni yanakandamizana. Yale ya chini kabisa yanasuguana na sakafu, yanapunguza mwendo, yanakosa nguvu ya kujisukuma nje. Basi kandamizo la ukutani linayarudisha ndani, kuelekea katikati, nayo yanaburuta kila kilichozama. Katikati maji yanapanda juu tena. Majani na mchanga ni mazito, hayawezi kuyafuata, yanabaki pale yalipofikishwa.

Kwa fundi maana yake ni moja: maji ya bure yamemfagilia sakafu yenye mita za mraba 7 usiku kucha, na asubuhi ana sinia moja tu la kushughulikia. Kila dakika ambayo kichwa hakitambai sakafuni ni lita 30 zinazobaki bwawani. Katika mji ambao watu hununua maji ya boza, mahesabu hayo hayahitaji kuelezwa na Einstein.

Sasa kuanzisha mvuto. Njia inayojulikana na wengi ni ile ya wanyonya mafuta: ncha moja kwenye tangi, nyingine mdomoni, unavuta, unatema, unaomba Mungu. Mpwa wake, kijana aliyemaliza kidato cha nne na mwenye haraka zake, alipendekeza hivyo hivyo. "Mjomba, si tuvute tu kwa mdomo?"

"Vuta," akamwambia bila kugeuka. "Jana walioga watoto kumi na wawili, na choo kiko mbali."

Mazungumzo yakaishia hapo. Yeye anauzamisha mpira wote ndani ya bwawa, pingili baada ya pingili, akianzia upande wenye kichwa, ili hewa isukumwe mbele na kutokea ncha ya pili. Anaingiza kidogo, anangoja mapovu yaishe, anaingiza tena. Mpira wenye hewa unaelea na kujikunja. Uliojaa unalala chini bila ubishi, na kwa huo ulalaji anajua umejaa hata bila kutazama. Yote hayo anayafanya pembeni, mbali na rundo. Mwisho anaziba ncha kwa kiganja, anaipitisha juu ya ukingo, anaishusha mpaka chini, kwenye kijimtaro alichochimba kuelekea mbali na bwawa, na anaachia. Maji yanatoka mara moja, kwa mkupuo, na hayakatiki.

Kinachoyasukuma hayo maji kimewachanganya watu wenye elimu kubwa kuliko sisi. Kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford ilieleza tangu 1911 kwamba ni kandamizo la hewa ndilo linaloendesha mpira wa namna hii, na kosa hilo likakaa humo karibu miaka 100 mpaka mwanafizikia wa Australia, Stephen Hughes, alipolikosoa mwaka 2010. Hewa inakandamiza pande zote mbili karibu sawasawa, haina upande. Kinachovuta ni uzito: maji yaliyo kwenye mkono mrefu unaoteremka nje ni mazito kuliko yale yanayopanda ndani, na yakianguka yanawaburuta wenzao. Hewa inasaidia kuyashikilia yasikatike njiani, na ndiyo maana usawa wa bahari mpira wa kawaida hauwezi kuyapandisha maji zaidi ya mita 10 hivi kabla ya kuyashusha. Ukuta wa bwawa hili haufiki hata mita 1. Heron wa Alexandria aliandika juu ya mirija ya kuteremshia maji katika karne ya 1, na ndugu watatu wa Baghdad, Banu Musa, waliijengea vyombo vya maajabu katika karne ya 9. Fundi wetu anasema tu, "Maji yanataka chini," na akitaka yaende kasi zaidi anaichimbia ile ncha ya nje. Akiishusha nusu mita nyingine, anapata karibu mara moja na nusu ya maji ya awali, bila umeme wala gharama.

Kutoka hapo kila kitu ni mkono.

Anasimama juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, kwa sababu ukingo wa upepo si wa kuegemea. Ukiukalia unabonyea, na kabla hujaomba radhi lita mia mbili zimeshafika kwa jirani. Mwanzi wake wa mita 2 na nusu unafika katikati bila kuinama sana. Kichwa anakishusha nusu mita pembeni ya rundo, kamwe hakishushi juu yake, na hapo anangoja kidogo mpaka kile kijiwimbi cha kushuka kimalizike. Kisha anaanza kusogea. Mwendo wake ni upana wa kiganja kwa kila pumzi. Mtu asiyejua atadhani amesimama. Lakini ukitazama ukingo wa rundo unaona unavyoliwa: chembe za mbele zinatikisika, zinainama kuelekea kwenye mfereji, zinaruka kidogo, zinapotea. Nyuma ya kichwa panabaki njia ya buluu iliyo safi kabisa, yenye ukingo ulionyooka. Rundo lililobaki halijui kwamba jirani yake ameondoka.

Mpwa alipopewa mwanzi, alianza kusukuma na kuvuta, mbele nyuma, mbele nyuma. Wingu la kahawia likapanda mpaka juu, na rundo lililokusanywa usiku kucha likarudi kuwa chai.

"Unapiga deki?" akauliza mjomba.

Wakaweka mwanzi chini, wakaziba mpira kwa kizibo, wakaketi. Hakumfokea. Uchafu ukishapanda hakuna la kufanya ila kungoja ushuke, na saa nzima ya kungoja ilimfunza kijana kuliko maneno yoyote. Alipoanza tena, aliambiwa atazame kipande kifupi cha mpira unaoonyesha ndani, ambacho fundi amekiunga karibu na ncha ya nje. Kipande hicho kikiwa na rangi ya kahawia, tulia hapohapo, unafanya kazi. Kikianza kuwa cheupe, sogea. Kikiendelea kuwa cheupe wakati unaona uchafu mbele yako, umekwenda haraka au mfereji umeziba kwa jani. Mapovu yakipita, umeinua kichwa juu mno, kishushe upesi kabla mvuto haujakatika. Kwa mtu aliyezoea, kile kipande cha sentimita 30 kinatosha kumweleza yanayotokea mita 6 kutoka hapo.

Baada ya rundo anakwenda kwenye mikunjo. Bwawa la boksi halikosi mikunjo sakafuni, maana haliwekwi na wapimaji, linawekwa na baba mwenye nyumba na mashemeji zake. Mchanga unajificha humo na mfereji unapita juu bila kuufikia. Yeye ana mwanzi wa pili wenye kitambaa kwenye ncha; kwa huo anaubonyeza mkunjo pembeni, unafunguka, na kichwa kinapita kwa urefu wake. Mkunjo mmoja, mpito mmoja, bila kurudi. Mwisho kabisa ni pale ukuta unapokutana na sakafu, na hapo anazunguka mara moja tu, akijua kwamba kilichobaki kitasubiri Jumamosi ijayo.

Ukutani, ndani, amebandika kipande cha karatasi ya gundi kuonyesha maji yalipokuwa kabla ya kuanza. Katika duara la mita 3, kila sentimita inayoshuka ni lita 70, ndoo kubwa tatu na nusu. Kazi iliyopangwa vizuri inachukua dakika 10 za kufyonza na sentimita 4 au 5 za maji. Aliyemtangulia kwenye nyumba mojawapo, aliyeingia na mpira bila kuzungusha wala kungoja, alikuwa akishusha maji mpaka magotini mwa mtoto na bado anaacha mchanga. Kama uchafu ni mchanga na majani tu, bila shabu, maji yanayotoka anayapitisha kwenye soksi ndefu ya kike iliyofungwa kwenye ncha ya mpira na kuyapokea kwenye pipa, kisha yanarudishwa kwa ndoo. Yenye shabu hayarudi. Mabonge yangepasuka kwenye soksi na kupenya. Hayo yanakaa juani kwenye pipa wazi, klorini ipungue, kisha yanamwagwa chini ya miti, na pipa linakaushwa siku ileile ya kumwaga. Mji uliopitiwa na dengi mwaka 2014 na tena 2019 hauna haja ya pipa lingine la maji yaliyosahauliwa nyuma ya nyumba.

Wakati wa kuongeza maji ana mwiko mmoja, nao watu huuchukulia kuwa ushamba wake: mpira wa bombani hauzamishwi bwawani. Anauning'iniza juu ya ukingo, maji yaanguke yakionekana. Ukiuzamisha, na maji ya bomba yakakatika ghafla, bomba likaanza kujikausha kuelekea bondeni, ule mvuto aliokuwa akiutumia dakika kumi zilizopita utafanya kazi kinyumenyume na kuyaingiza maji ya bwawa kwenye mabomba ya nyumba. Fundi bomba hawezi kulilalia jambo kama hilo.

Njia nyingine za bei nafuu zipo, na amezijaribu. Kuna kichwa kinachounganishwa na mpira wa bomba, ambacho maji yake ya kasi yanarushwa kuelekea juu na kuyavuta ya bwawani nyuma yake, yakiacha majani kwenye kimfuko. Ni kanuni aliyoieleza Mwitalia Venturi mwaka 1797. Majani kinayakamata vizuri sana. Vumbi linapenya kimfuko na kurudi majini, labda ukivalishe soksi, na kinataka presha. Tangi lililo juu ya mnara wa mita 3 linatoa baa 0.3 tu, na kwa presha hiyo kinabaki kutoa mapovu. Mashine ya kufyonza vumbi na maji, ile ya mafundi wa magari, ina nguvu, lakini ndoo yake inajaa kabla hujamaliza sentensi, na kuileta yenye waya wa umeme kando ya bwawa ni ujasiri nisioupenda. Vifyonzi vidogo vya betri ni vizuri kwa aliye navyo.

Ninachokistaajabia kwa mtu huyu ni jinsi alivyoipunguza kazi ya mpira. Kufyonza, ambako ndiko wateja wanakomwitia, ni sehemu fupi kuliko zote. Ameyapa maji usiku wa kuzamisha, mzunguko wa kukusanya, mteremko wa kubeba, na yeye amejibakishia kazi ya kutoyavuruga. Mwenye mashine kubwa hana haja ya kujua uchafu unapendelea kulala wapi, maana ataupata popote. Mwenye mpira lazima ajue. Kwa hiyo amejua: kwamba upande wa mvinje wa jirani kutakuwa na sindano za majani asubuhi, kwamba karibu na ngazi mchanga ni mwingi kwa kuwa ndiko miguu inakotua, kwamba beseni la maji la kuoshea miguu kabla ya kupanda ngazi linapunguza nusu ya kazi yake. Beseni hilo analiweka mwenyewe kila anapoondoka, na kila anaporudi analikuta limeondolewa, limeanikiwa nguo.

Bwawa moja tu linamtoa jasho, nalo ni la chekechea fulani, la mstatili. Humo kuzungusha hakusaidii sana, maana maji yakifika kwenye pembe yanajikata na uchafu unabaki kwenye kona zote nne. Anazifuata kona moja moja, akiingia na kichwa cha pili alichokifupisha mkono mmoja ili kipenye kwenye pembe, na kazi ya dakika 10 inakuwa ya nusu saa na zaidi. Bei anatoza ileile. Mpwa wake analipinga jambo hilo kila Jumamosi wakiwa njiani kurudi, kwa hoja zenye mantiki kabisa, na sijasikia bado akijibiwa.